Chupa Moja Kila Kaya, au Siku Tuliyofunguliwa Zahanati Zalomka

Mimi Ferapont Lukich Zubaryov nina miaka themanini na minne, na katika miaka hiyo nimewaona makatibu wakuu wa chama wakizikwa mmoja baada ya mwingine kwenye televisheni, nimelizika shamba la ushirika la Zalomka lililokuwa na ng'ombe mia nne, nimewazika wake wawili wema, na nimemzika daktari mmoja aliyeniambia mwaka 1981 kwamba magoti yangu hayatanifikisha kwenye pensheni. Shule nilisoma majira manne ya baridi. Ya tano viatu viliisha. Kwa hiyo haya nimeyaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za bango, na asiyeupenda mwandiko wangu akatafute mwingine.

Ijumaa ya mwisho ya Julai, Naibu Mkuu wa Wilaya, Valeri Arkadyevich Shegolkov, alikuwa aje kutufungulia zahanati. Tulimngoja saa mbili nzima. Likaja gari lake bila yeye. Ndani alikuwemo dereva Rodion, na karani Snezhana, binti wa viatu vyeupe, ameshika utepe mwekundu, mkasi, na fomu ya makabidhiano yenye nafasi arobaini za sahihi. Akaniambia mbele ya watu wote, "Babu, Naibu ana kikao cha dharura. Amesema mkubwa wa kijiji azungumze kwa niaba yake. Wewe ndiye mkubwa." Akanipa karatasi ya hotuba. Nikaikunja nikaitia mfukoni, maana macho yangu na herufi ndogo tulishaachana. Hotuba za wakubwa sihitaji kusomewa. Nimezisikiliza nimesimama tangu nilipokuwa na nywele. Nikapanda juu ya kreti la viazi, nikasema hivi, na sikupunguza neno:

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Wilaya, Bi. Snezhana, pamoja na mkasi wako. Mheshimiwa Dereva wa gari la serikali, Rodion, uliyefika hapa bila kuvutwa na trekta kwa mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke. Mheshimiwa Agrafena, mwenye duka, mlinzi mkuu wa mkate unaofika Jumatano ukiwa na umri wa Jumatatu. Waheshimiwa wastaafu wa daraja la kwanza, la pili na la tatu, wenye magoti, wenye viuno na wenye mabega. Waheshimiwa mbuzi wa Kapitolina Savelyevna, ambao naona mmewahi nafasi za mbele kama kawaida ya wageni rasmi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mbuzi mmoja anaondolewa kwenye utepe aliokwisha kuuonja.)

Mimi, yaani Naibu Mkuu wa Wilaya, ambaye leo nimeshindwa kuwa nanyi kwa sababu ya majukumu mazito ya kuwatumikia ninyi mahali pengine... (Rodion, kutoka kwenye gari: "Yuko kwenye Tamasha la Matango, mzee! Ndiye jaji!" Kicheko kirefu. Snezhana: "Rodion, nyamaza, jamani!") ...majukumu mazito, nasema, ya kulinganisha tango na tango kwa haki na uwazi, nina furaha isiyo kifani, furaha ambayo haijawahi kuonekana katika awamu zote zilizopita, kusimama kwa kinywa cha mzee huyu, mzee shupavu, mzee ambaye wilaya nzima haina wa kumlinganisha naye, ili kuizindua Zahanati ya Kisasa ya Zalomka, tunda la mpango mkakati wa miaka minne, uliofanyiwa upembuzi, ukafanyiwa tathmini ya upembuzi, kisha ukaundiwa kamati ya kuipitia tathmini, na kamati ikanywa chai. (Makofi.)

Itazameni, ndugu wananchi! Tazameni jengo lenye hewa safi pande zote nne! Nani alipata kuona zahanati isiyo na msongamano kama hii? Mlango haulalamiki bawaba. Paa halijavuja tangu siku ya kwanza, na wahandisi wetu wanatuhakikishia kwamba halitavuja milele. Ngazi za kuwachosha wazee hatukuweka. Tumekwenda mbali zaidi: hata foleni tumeifuta, kwa asilimia mia moja. (Agrafena: "Na choo je, Mheshimiwa?" Kicheko.) Choo, mama, kimejumuishwa katika jengo, na kina ubora uleule wa jengo. (Kicheko, makofi.)

Nyote mnakumbuka tulikotoka. Miaka minne iliyopita mlikuwa na muuguzi hapa, Nina Pavlovna, mwanamke mmoja mwenye mkoba mmoja, aliyekwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, akapima presha, akadunga sindano, akakaripia walevi. Utaratibu wa kizamani kabisa! Tulipomstaafisha na kuufunga mlango wake kwa kufuli, wapo waliolia, wakasema tumewatupa. Hatukuwatupa. Tuliwaletea uwezeshaji. Tuliwaletea Mpango wa Chupa Moja Kila Kaya, na kila nyumba ya Zalomka ikapokea, bila ubaguzi wa dini wala wa paa, chupa moja ya dimeksidi.

Dimeksidi, ndugu zangu! Dawa ambayo nchi nzima hii inaijua, iliyo kwenye kila kabati la jikoni kati ya chumvi na viberiti. Goti linauma? Dimeksidi. Kiuno? Dimeksidi. Ngozi imepasuka, jipu limeota, chunusi zimemtoka bibi harusi? Dimeksidi. Unalowesha kitambaa, unaweka, unafunika kwa nailoni, juu unafunga shali ya sufu, unakaa nusu saa unatazama tamthilia. Kwa takwimu zilizokusanywa na ofisi yangu bila kutoka ofisini, maumivu katika kijiji hiki yamepungua kwa asilimia themanini na saba nukta tatu, na hiyo nukta tatu ni goti la kushoto la Ferapont Lukich. (Makofi kwa goti.)

Yapo maadui wa maendeleo wanaosema kijiji kizima sasa kinanuka kitunguu saumu mdomoni, kwa kuwa ukiipaka dawa hii kidoleni, baada ya dakika chache pumzi yako inanuka kama umekula shada zima. Ni kweli, na tunajivunia! Ni umoja wa kitaifa huu. Zamani mume aliweza kujua mke wake amekula nini. Leo hawezi kujua chochote, na ndoa zimetulia. (Sauti ya mwanamke: "Zimetulia kwa kuwa hamna anayekaribia!" Kicheko.)

Wanasema pia kwamba mwezi wa kumi, kabla hatujaruhusu majiko ya ofisi yawashwe, zile chupa sitini za akiba ziliganda stoo zikawa ngumu kama kioo, nasi tukaandika ripoti kwamba zimeharibika, tukazifukia nyuma ya ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi watatu. Ni kweli, na mazishi yalifanyika kwa heshima. Kila bibi hapa anajua kwamba dimeksidi huganda chumba kikipoa kidogo tu, na ukiiweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu inarudi kuwa dawa. Lakini sisi hatukuwa na bakuli katika bajeti. (Makofi. Sauti: "Tulizifukua! Ziko hai!") Sijasikia hilo. Naibu Mkuu wa Wilaya hasikii mambo ya ufufuo.

Hapa, ndugu wananchi, nakivua cheo cha Naibu kwa dakika moja nikiweke hapa kretini, nizungumze kama Ferapont. Dawa hii mimi ndiye niliyeileta Zalomka. Asibishe mtu! Mwaka 1981 daktari wa mifugo wa ushirika alikuwa akimpaka farasi wetu mwekundu kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia, farasi ana miguu minne na mimi miwili, kwa hiyo mimi nina shida mara mbili, nipake na mimi. Akacheka, akanichanganyia na maji yaliyochemshwa yakapoa, sehemu moja kwa tatu, akanionyesha kunawa kwanza kwa sabuni, kujijaribu kidogo mkononi, ndipo kupaka. Tangu siku hiyo magoti haya yamezika madaktari. Hakuna mtu katika wilaya hii anayeijua dimeksidi kuliko mimi, awe na cheti au asiwe nacho. (Makofi. Sauti ya Kapitolina Savelyevna, aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia umefungwa kwa mtandio: "Unaijua, Ferapont. Unaijua sana.")

Nimekusikia, jirani.

Basi waheshimiwa, kwa kuwa dakika yangu haijaisha, na Snezhana aandike hili pia kwenye kumbukumbu. Jumatano iliyopita Kapitolina huyu, mwenye miaka sitini na tisa, alikuwa shambani kwake tangu alfajiri akinyunyizia viazi ule unga wa sumu, wa kuwaua wadudu wenye mistari, kwa mikono mitupu kama tufanyavyo sote. Mikono yake imepasuka miaka yote kwa kukamua na kufua. Akaja uani kwangu akaniuliza, "Ferapont, hii chupa ya serikali haina karatasi ya maelezo, napaka vipi?" Nami nilikuwa nacheza karata. Nikamjibu bila kugeuka, "Paka tu, inapenya mpaka mfupani." Basi. Sikusema achanganye na maji. Sikusema anawe. Nilidhani kila mtu anajua.

Dawa hii, ndugu zangu, haichagui mgeni wa kuingia naye. Chochote inachokikuta juu ya ngozi inakishika mkono na kukikaribisha ndani. Ikaukaribisha ule unga wa wadudu. Kapitolina alitapika mpaka jua likazama, miguu ikamtetemeka, na ile dawa kali isiyo na maji ikamchuna ngozi ya kiganja kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji moto. Leo ni siku ya tatu. Mkono umevimba mpaka kiwiko, na ana homa. Kama kuna asiyeamini aje amguse paji la uso. (Hakuna anayecheka. Kapitolina: "Usinifanye maonyesho, mzee wewe. Malizia hotuba, watu wasaini, niende hospitali.")

Na hapo ndipo penye jambo, naomba nikivae tena cheo changu maana bila cheo sitaweza kulieleza. (Anajifunga vifungo vya koti.) Jana Agrafena alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Alijibiwa nini? Sema, mama, sauti ifike Tamasha la Matango. (Agrafena: "Yule binti wa simu alisema, 'Zalomka mna zahanati, naiona hapa kwenye kompyuta. Mpelekeni zahanati.' Nikamwambia, dada, zahanati gani? Akasema, 'Inafunguliwa kesho, subirini.' Akakata.") Mmesikia ufanisi huo? Zahanati haijafunguliwa, na tayari inazuia magari ya wagonjwa! Na basi la Ijumaa, mnauliza? Basi limeazimwa na wilaya kuwabeba wacheza ngoma wa matango. Kwa hiyo kutoka hapa hadi hospitali ni kilomita arobaini na sita, na gari lililopo ni moja, hili jeusi, linalong'aa, la Naibu.

(Snezhana, karibu kulia: "Babu, mimi sikukataa kumbeba! Nimesema tu kwamba nimeagizwa, gari lisiondoke bila fomu kusainiwa. Sahihi arobaini, basi, tunamchukua mama njiani, tunafika kabla ofisi hazijafungwa. Nisaidieni jamani, na mimi nina mkubwa wangu." Sauti: "Tusaini, mama wa watu atakufa!" Sauti nyingine: "Ukisaini leo, kesho ukianguka wewe utaambiwa nenda zahanati!" Kelele. Kapitolina: "Ferapont, ninaumwa mimi, si ninyi. Saini. Umenipa ushauri mmoja wiki hii, nipe na sahihi.")

Tulieni! Tulieni, wananchi! Naibu Mkuu bado anahutubia!

Nimeisikia hoja ya mjumbe, na ni nzito. Upande mmoja mkono wa jirani yangu, niliouchoma kwa mdomo wangu. Upande wa pili karatasi ambayo tukiisaini, hakuna muuguzi atakayekuja Zalomka mpaka mbuzi hawa wapate pensheni, kwa kuwa itakuwa imeandikwa na sisi wenyewe kwamba tunaye. Wakubwa wetu ni werevu. Wametuletea dawa na ugonjwa kwenye gari moja. Mtu mwenye shule nyingi angekwama hapa. Mimi nina majira manne.

Bi. Snezhana, mwanangu, nikuulize mbele ya hadhara. Ulisema mimi nazungumza kwa niaba ya nani? (Snezhana: "Ya Naibu Mkuu, babu, lakini...") Hapana lakini. Ya Naibu Mkuu. Na Naibu mwenyewe ndiye aliyeagiza? (Snezhana: "Aliagiza kwa simu, ndiyo, lakini ni hotuba tu, babu!") Hotuba ni neno la mkubwa, na neno la mkubwa ni agizo, nimeishi chini ya hotuba miaka themanini na minne, sijaona iliyokuwa hotuba tu.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyokabidhiwa leo saa nne asubuhi mbele ya kijiji kizima na mbuzi wake, mimi, Naibu Mkuu wa Wilaya, naagiza kama ifuatavyo: gari langu limbebe Kapitolina Savelyevna sasa hivi, kiti cha nyuma, dirisha wazi, mkono juu ya mto, hadi mlango wa hospitali, na dereva asiondoke mpaka daktari ampokee na kuambiwa neno kwa neno ni unga gani na dawa gani. Fomu itasubiri. Dereva Rodion, umeelewa agizo?

(Rodion anatupa sigara, anaikanyaga. "Mimi ni dereva tu, mzee. Naibu akisema washa, nawasha." Anawasha. Kicheko, makofi, kelele. Snezhana: "Rodion! Utafukuzwa!" Rodion: "Wewe si ndiye uliyesema anazungumza kwa niaba yake? Nimesikia kwa masikio haya mawili. Mama, njoo, shika bega langu. Taratibu.")

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Pisheni njia! Agrafena, mpe kopo la ule unga wa wadudu akamwonyeshe daktari, na ile chupa pia. Liweke ndani ya mfuko, usilishike kwa mkono mtupu, hatutaki mgonjwa wa pili wakati wa itifaki. Kapitolina, mbuzi nitakukamulia mimi. (Kapitolina, mlangoni mwa gari: "Wewe? Watakauka maziwa kwa majigambo yako!") Watakauka, lakini watakuwa wamehutubiwa. (Kicheko. Kapitolina, kwa sauti ndogo: "Nawa mikono kwanza, Ferapont.") Nitanawa.

(Snezhana anatazama gari, anatazama fomu, anavua viatu vyake vyeupe kwa ajili ya tope na kukimbia peku. Anaingia kiti cha nyuma, anakiweka kichwa cha Kapitolina begani mwake. Gari linaondoka. Fomu imebaki juu ya kreti, na kalamu.)

Ndugu wananchi, sasa kwa kuwa msafara wa Naibu umeondoka na Naibu amebaki, nahitimisha. Mtu yeyote aliyeiona zahanati hii kwa macho yake, aliyepita mlangoni pake, aliyekaa kwenye benchi lake, aje hapa mbele asaini bila woga. (Hakuna anayesogea. Mbuzi anasogea, anazuiwa.) Nashukuru kwa mwamko huo mkubwa wa wapiga kura.

Zalomka! (Wananchi: "Hoyee!") Chupa moja! (Wananchi: "Kila kaya!") Maji kwanza! (Wananchi: "Dawa baadaye!") Sabuni! (Wananchi: "Juu!") Naibu wetu! (Wananchi: "Matango!")

Na sasa shukrani. Nawashukuru mafundi walioijenga Zahanati ya Kisasa ya Zalomka kwa kuwa hawakumpigia mtu kelele, kwani hawakuja. Nawashukuru waliopaka rangi kuta, ambazo hazikuwekwa. Nawashukuru ninyi nyote mliosimama saa tatu mbele ya utepe uliofungwa kati ya mti mmoja na nguzo moja ya umeme, ambao nyuma yake, tangu Nina Pavlovna aondoke na mkoba wake hadi leo hii, hakuna tofali, hakuna ubao, hakuna shimo la msingi, ila upupu unaofika kifuani. Natangaza rasmi kwamba upupu huo umefunguliwa. (Anakata utepe. Makofi ya muda mrefu.)

Hapo nilishuka kwenye kreti, nikasaidiwa na watu wawili, ingawa sikuwaomba.

Haya ndiyo niliyoyasema. Anayedai nimeongeza chumvi amuulize Agrafena dukani, alikuwa karibu na kreti kuliko wote. Amuulize Rodion, ambaye hakufukuzwa, kwa kuwa alipoulizwa alijibu kwamba alitii agizo, na wilaya nzima haikupata kanuni ya kumwadhibu mtu aliyetii. Amuulize Snezhana, maana Jumatatu iliyofuata alirudi peke yake kwa basi, akachukua fomu yake, na mahali pa sahihi arobaini akaandika kwa mkono wake: "Sahihi, hakuna. Jengo, hakuna. Mgonjwa, mmoja." Akaipeleka wilayani akiwa ameshaiweka nakala mfukoni. Na asiyewaamini hao wote aende hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, amsalimie Kapitolina Savelyevna. Atampa mkono wa kushoto. Wa kulia bado una bandeji, lakini vidole viko vitano, nimevihesabu mwenyewe.